Hajui, Hataki au Hawezi? Tafakari juu ya Mkulima na Kilimo Endelevu

1. Utangulizi

Tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa Waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, habari ya kutunza mazingira, nyumba ya wote, imekuwa ikisikika mara nyingi katika homilia, semina za parokia na mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Waamini wanahimizwa kupanda miti, kuacha kuchoma mashamba, kutumia samadi na mboji, na kuchimba makinga maji. Wengi wa waamini hao ni wakulima wa jembe la mkono. Wanasikiliza kwa makini, wanaitikia, kisha mvua zinapoanza wengi wanalima kama walivyolima mwaka uliopita.

Hapo ndipo husikika maneno haya: "Wakulima wetu ni wagumu kubadilika." Husemwa ofisini, husemwa kwenye semina, na husemwa hata ndani ya Kanisa. Katika makala hii tunataka kuyapima maneno hayo. Tunauliza: ni kitu gani humfanya mkulima akubali kilimo endelevu, na ni kitu gani humfanya akikatae? Kwa kilimo endelevu tunamaanisha ukulima unaomlisha mtu leo bila kuuharibu udongo, maji na miti ambavyo watoto wake watavihitaji kesho.

Tutaanza na tofauti moja ya kifalsafa. Kisha tutatembelea sehemu tatu za nchi yetu ya Tanzania: milima ya Uluguru, milima ya Umatengo na tambarare za Shinyanga. Mwishoni tutaona mambo hayo yanatudai nini sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, pamoja na waamini wa parokia zetu.

2. Hukumu tatu

Tunapoona jambo jema halitendwi, huwa tunatoa mojawapo ya hukumu tatu: asiyetenda hajui, au hataki, au hawezi. Kila hukumu ina dawa yake. Asiyejua hufundishwa. Asiyetaka huonywa na kushawishiwa. Asiyeweza huondolewa kikwazo. Tukikosea kutambua ugonjwa, dawa yetu haitaponya hata kama ni nzuri. Kumfundisha mtu jambo ambalo tayari analijua ni kumchosha, na kumkemea mtu asiyeweza ni kumwonea.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Maadili ya Nikomako, alikiri kwamba mtu anaweza kujua lililo jema na bado asilitende. Huo ni udhaifu wa utashi. Lakini katika kitabu hicho hicho anafundisha kwamba mtu hupima na kufanya shauri juu ya mambo yaliyo ndani ya uwezo wake tu. Maana yake ni kwamba kabla hatujamwita mkulima mvivu au mbishi, tunapaswa kwanza kujua ni mambo gani yako mikononi mwake. Tukiwa na swali hilo, twende Morogoro.

3. Uluguru: matuta yaliyokataliwa

Milima ya Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliona kwamba mmomonyoko wa udongo katika milima hiyo ulikuwa unaongezeka. Ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi, na katika mpango huo wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani. Aliyekaidi aliadhibiwa.

Lengo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa jema. Hata hivyo, Waluguru waliyakataa matuta. Sehemu nyingi za mlima zina udongo mwembamba wenye rutuba juu, na chini yake udongo dhaifu. Kuchimba ngazi kuliufukia ule wa juu na kuuleta juu ule wa chini, na mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, tena ilichukua siku ambazo familia ilizihitaji kwa palizi na mavuno. Wengine walihofu kwamba shamba likishatengenezwa vizuri litachukuliwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule ukaachwa.

Je, Waluguru walikuwa wagumu kubadilika? Tutazame upande wa Mgeta katika milima hiyo hiyo. Huko wakulima hulima mboga kwa maji ya mifereji na kuziuza Morogoro na Dar es Salaam, na matuta ya ngazi wanayatunza hadi leo, kwa sababu bustani ya mboga inalipa jasho la kuyachimba. Tena katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha Uluguru mpango wa kuwalipa wakulima waliokubali kwa hiari kupanda miti na kuchimba makinga maji. Fedha zilitoka kwa watumiaji wa maji walio chini ya mto, wakiwemo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walijiunga. Mlima ni ule ule na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni masharti: sasa walikuwa na hiari, na aliyefanya kazi aliona faida yake.

4. Umatengo: mashimo yaliyodumu

Kusini, katika wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa njia ya ngoro, ambayo imedumu kwa zaidi ya karne moja. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwafanya watu wengi wakimbilie milimani na kubanana huko. Ardhi ilikuwa ndogo na yenye mwinuko, nao iliwabidi kutafuta namna ya kuishi bila udongo kuporomoka.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Karibu mwezi Machi wanaume hufyeka majani, na majani yaliyokauka hupangwa shambani kwa mistari inayokatana kama miraba. Kisha wanawake huchimba udongo kutoka katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Hapo hutokea mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata hupandwa mahindi. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutuama ndani ya mashimo badala ya kukimbia mlimani, na udongo unaochukuliwa na maji unabaki shimoni, ndani ya shamba lile lile.

Hakuna serikali iliyowaamuru Wamatengo kuchimba ngoro, na hakuna mradi uliowalipa. Kwa nini basi walidumu nayo? Sababu ya kwanza ni kwamba chakula kilipatikana mwaka ule ule. Maharage hayakungoja miaka mitano. Ya pili ni umiliki. Kwa desturi, familia pana ilishika ntambo, yaani eneo la mlima lililo kati ya vijito viwili. Aliyelima juu na aliyelima chini walikuwa ndugu, na aliyeuachia udongo uporomoke alimharibia ndugu yake. Ya tatu ni mazungumzo. Wanaume wa familia walikula pamoja katika baraza lililoitwa sengu, na humo mambo ya mashamba yaliamuliwa na vijana wakafundishwa.

Lakini tusiitukuze mila kupita kiasi. Tangu miaka ya 1960 Wamatengo wengi walihamia maeneo ya chini yenye mwinuko mdogo na ardhi ya kutosha, na wengi wao huko walilima matuta ya kawaida badala ya ngoro. Hawakuisahau. Waliona tu kwamba kazi kubwa vile haikuwa ya lazima tena. Zaidi ya hayo, sehemu nzito ya kazi hiyo iko mikononi mwa wanawake. Anayesifu ngoro akiwa pembeni ya shamba akumbuke ni nani anayeshika jembe.

5. Shinyanga: ngitili zilizorudi

Shinyanga ni nchi ya Wasukuma, wafugaji na wakulima. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kikapanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliyaacha maeneo yao ya asili, zikiwemo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ikue, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imekaribia kuwa jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche na kupanda miti, na mwitikio haukuwa mkubwa. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipogeukia kile ambacho Wasukuma wenyewe walikuwa wanakijua tangu zamani. Badala ya kuleta miche wakasaidia ngitili zifufuliwe: eneo linafungwa, na visiki na mbegu zilizomo ardhini huchipua zenyewe. Sheria za kulinda ziliwekwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wananchi, na walinzi wakawa sungusungu wa kijiji. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini na watu anaowafahamu.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, eneo lililorudishwa lilikuwa limezidi hekta 300,000. Watu walipata malisho ya kiangazi, kuni, fito za kujengea, dawa, asali na nyasi za kuezekea, na kina mama wakapunguziwa safari ndefu za kutafuta kuni. Hata hivyo faida haikugawanyika sawa: mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alinufaika kuliko jirani yake asiye na kitu. Hilo nalo tulikumbuke, kwa sababu jambo jema lisilogusa maskini huwa na adui ndani ya kijiji.

6. Mambo yanayomshawishi mkulima

Kutokana na mifano hii mitatu tunaweza kutaja mambo matano.

Kwanza, faida inayoonekana mapema. Mwenye ghala tupu hawezi kungoja rutuba itakayorudi baada ya miaka sita. Njia inayoleta chakula, malisho au fedha ndani ya msimu mmoja au miwili hukubalika upesi, na njia yenye faida ya mbali huhitaji msaada wa kuvuka kipindi cha kungoja.

Pili, uhakika wa ardhi. Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda miti ambayo mwenzake ataivuna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila, lakini wengi bado hawana hati hiyo, hasa wanawake wanaolima mashamba ya waume au ya ukoo.

Tatu, nguvu kazi na muda. Makinga maji, mboji na matandazo vyote vinadai mikono. Mama mjane mwenye watoto wadogo anaweza kuyaelewa mafunzo yote na bado asiweze kuyatekeleza. Na mara nyingi anayeamua si yeye anayechimba.

Nne, ushahidi wa jirani. Mkulima huamini zaidi shamba analoliona kuliko maneno anayoyasikia. Ndiyo maana shamba darasa, ambamo wakulima wanajaribu pamoja na kulinganisha mavuno, huwa na nguvu kuliko hotuba.

Tano, kushirikishwa. Uluguru watu waliamriwa, Shinyanga waliulizwa. Watu hulinda sheria waliyoitunga wenyewe, na huikwepa ile waliyoletewa tu.

Tukiitazama orodha hii tunagundua jambo muhimu: sehemu kubwa yake haihusu "hajui" wala "hataki". Inahusu "hawezi", au tuseme "hawezi bila kuhatarisha chakula cha watoto wake". Mara nyingi yule tunayemwita mgumu ni mtu aliyepima vizuri sana. Amelinganisha hasara ya hakika ya leo na faida ya mashaka ya kesho, akachagua kama baba au mama wa familia anavyopaswa kuchagua. Hiyo ni busara, ingawa ni busara iliyofungwa na umaskini.

7. Mwanga wa falsafa na wa mafundisho ya Kanisa

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba utashi huelekea kile ambacho akili imekiona kuwa chema. Kwa hiyo hatuwezi kuusukuma utashi wa mtu kama tunavyosukuma mkokoteni. Ni lazima wema wa jambo uonekane kwake, katika hali yake, kwa macho yake. Tena, akieleza maana ya sheria, anasema kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafao ya wote, linalotoka kwa mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa. Amri ya matuta ya Uluguru ilitangazwa, lakini pale ambapo ilipunguza mazao ilikosa akili, na wale waliobeba mzigo wake hawakuyaona mafao yake. Si ajabu kwamba haikushika mizizi.

Mafundisho jamii ya Kanisa yanatupa pia kanuni ya auni, iliyoelezwa na Papa Pius XI katika Waraka wa Quadragesimo Anno mwaka 1931. Jumuiya kubwa isiinyang'anye jumuiya ndogo yale ambayo hiyo ndogo inaweza kuyafanya yenyewe, bali iisaidie pale inaposhindwa. HASHI ilifanikiwa ilipofuata njia hii, hata kama haikutumia jina hili: dagashida ilibaki na mamlaka, na serikali ikaleta msaada. Laudato Si' nayo inasisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Tukihubiri kuhusu udongo bila kuuliza habari za ghala la anayeulima, tutakuwa tumesikia kilio kimoja tu.

Hapa mtu anaweza kupinga: "Je, hakuna wavivu? Na tukingoja mpaka kila kikwazo kiondoke, udongo si utakuwa umekwisha?" Pingamizi hili lina ukweli. Wapo wanaojua, wanaweza, na hawataki. Anayechoma mlima ili kuwinda panya au kuonyesha ubabe anastahili kukemewa, na sheria ndogo za kijiji zimchukulie hatua. Utashi wa mwanadamu umejeruhiwa na dhambi, wa mkulima na wa mtaalamu pia. Lakini tunasema kemeo lije baada ya swali. Kwanza tujue kama hajui, kisha kama anaweza. Tukishaviondoa hivyo viwili, ndipo tuzungumze juu ya kutotaka. Na kuhusu haraka, mfano wa Uluguru unatuonya: mpango wa nguvu uliachwa baada ya miaka michache, ilhali njia ya kushirikishana ya Shinyanga ilirudisha maelfu ya hekta. Kulazimisha kulionekana kuwa njia ya mkato, kumbe kulichelewesha kazi.

8. Parokia ifanye nini?

Tunapendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida ya kijijini.

La kwanza linatuhusu wenyewe. Parokia nyingi zina mashamba, na baadhi hukodishwa kwa waamini msimu kwa msimu. Kwa utaratibu huo Kanisa lenyewe linamfanya mkulima asiitunze ardhi. Halmashauri ya walei ikae na paroko na kufikiria mkataba wa miaka mitano au zaidi, wenye sharti la kutunza udongo na uhakika kwamba aliyeutunza hatanyang'anywa shamba likishanawiri. Hatuwezi kumhubiria mpangaji wetu habari za vizazi vijavyo wakati tumempa ardhi ya miezi sita.

La pili, sehemu ya shamba la parokia iwe shamba darasa. Robo eka moja ilimwe kwa njia ya kawaida na nyingine kwa mboji na makinga maji, na siku ya mavuno waamini wapime wenyewe kwa debe.

La tatu, jumuiya zirudishe desturi ya kulimiana. Kaya kumi zikichimba makinga maji kwa zamu, mjane hataachwa nyuma kwa sababu ya kukosa mikono.

La nne, katekista na viongozi wa jumuiya wawasaidie waamini, hasa wanawake na wajane, kufuatilia hatimiliki za kimila katika ofisi ya kijiji. Hiyo nayo ni kazi ya uchungaji.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mkulima anayekataa njia mpya mara nyingi ana sababu, na kwamba sababu hiyo husikika tu kwa anayeuliza. Kwetu sisi tunaosoma falsafa, hili ni zoezi la kweli la kutofautisha mambo kabla ya kuhukumu. Kwa waamini wakulima, ni mwaliko wa kusema waziwazi kwenye jumuiya na kwenye mkutano wa kijiji ni kitu gani kinachowazuia, ili kisibaki kunung'unikiwa shambani. Mungu Mwenyezi, aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, atujalie kusikilizana.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni njia gani ya kutunza udongo tunayoijua wote lakini wachache tu wanaitumia? Je, wasioitumia hawajui, hawataki au hawawezi?

2. Nani anaamua na nani anafanya kazi katika mashamba yetu? Je, anayefanya kazi huulizwa?

3. Ardhi ya parokia au ya kigango chetu inatumikaje, na aliyeikodi ana uhakika wa muda gani?

4. Ni desturi gani ya wazee wetu ya kutunza malisho, maji au miti ambayo tungeweza kuifufua mwaka huu?